Umetangulia Ugenini, Familia Bado: Mwongozo Kamili wa Kujipanga Kabla Hawajakufuata

Wengi wanaokwama kuleta familia hawakwami ubalozini. Ubalozini ndipo wanapopewa majibu tu. Kilichowakwamisha kilitokea miezi ya mwanzo: walisaini pango la chumba kisichoruhusu mtu wa pili, walituma kila senti nyumbani, jina la mtoto likaandikwa namna tatu kwenye karatasi tatu, na tarehe muhimu ikapita wakiwa kazini.

Muda wa kusubiri ndio muda wa kutengeneza maombi yenyewe. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zina mpangilio. Usianze na nyumba kwa sababu tu nyumba ndiyo inayokuuma zaidi.

Mwongozo huu ni wa aliyetangulia, awe amekuja kwa kazi, kwa masomo au kwa kuomba hifadhi. Masharti hutofautiana baina ya nchi na nchi, na pia baina ya kibali na kibali ndani ya nchi moja. Utaratibu wa kazi, hata hivyo, ni ule ule.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Faili moja gumu lenye vigawanyo: kimoja kwa kila mwanafamilia, kimoja cha nyumba, kimoja cha kipato.
- Nakala ya faili hilo mtandaoni na nyingine kwenye flashi. Simu ikiibiwa, maombi yasiibiwe nayo.
- Daftari la kuandika kila ulichoambiwa: tarehe, ofisi, jina la aliyekuhudumia, alichosema.
- Pasipoti yako, kibali chako cha kuishi, na barua uliyopewa siku ulipokubaliwa. Barua hii ndiyo watu hutupa, nayo ndiyo yenye tarehe ambayo siku zako zinaanza kuhesabiwa.
- Vyeti halisi vya ndoa na vya kuzaliwa, au mpango wa kuvipata.
- Akaunti ya benki kwa jina lako mwenyewe.
- Anwani ya posta unayoiamini.
- Mtu mmoja nyumbani anayeweza kwenda ofisi za serikali, kusubiri foleni, na kukutumia picha ya karatasi inayosomeka. Mmoja anatosha. Wakiwa watatu, kila mmoja atadhani mwenzake ameshakwenda.

## Hatua ya 1: Tafuta tarehe yako ya mwisho

Fungua tovuti rasmi ya uhamiaji ya nchi uliyopo, tafuta ukurasa unaotaja aina ya kibali chako, kisha jibu maswali mawili: nina muda gani wa kuwasilisha maombi, na watoto wangu wanahesabiwa watoto hadi umri gani?

Kwa mkimbizi, swali la kwanza lina uzito wa ajabu. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 kuhusu kuunganisha familia yanaziruhusu nchi kudai kipato, nyumba na bima ya afya kama maombi hayakuletwa ndani ya miezi 3 tangu hadhi ya ukimbizi itolewe. Ndani ya miezi hiyo, masharti hayo huondolewa. Marekani humpa mkimbizi au aliyepewa hifadhi miaka 2 ya kuwasilisha fomu I-730 kwa ajili ya mwenza na watoto. Kanada ina dirisha la mwaka 1 kwa mkimbizi aliyepokewa kutoka nje ya nchi. Aliyechelewa anaweza bado kuwa na njia, lakini ni ndefu na ya gharama.

Swali la pili huumiza kimyakimya. Uingereza mtoto ni wa chini ya miaka 18. Marekani ni chini ya 21. Kanada ni chini ya 22. Na kote huko sharti awe hajaoa wala kuolewa. Andika siku ya kuzaliwa ya kila mtoto pembeni mwa umri huo. Ukiwa na kijana wa miaka 17, yeye ndiye anayeamua kasi ya kazi yote.

Onyo: usifuate njia aliyopita binamu yako miaka mitatu iliyopita. Sheria hizi hubadilika ghafla. Septemba 2025 Uingereza ilisimamisha kupokea maombi mapya ya wakimbizi ya kuleta familia, na ushauri wa jana yake ukawa hauna kazi.

Utajua umemaliza hatua hii ukiwa na tarehe moja iliyoandikwa kwa kalamu kwenye kalenda, na umewasilisha angalau fomu ya kwanza kabla yake. Vyeti vikiwa havijakamilika, uliza kama unaweza kupeleka maombi sasa na vielelezo baadaye. Mara nyingi inawezekana, na ndiyo inayookoa watu.

## Hatua ya 2: Taja kila mtu

Kila fomu inayouliza familia yako, ijaze yote: mtoto wa nje ya ndoa, mtoto anayelelewa na bibi yake, mke mliyetengana lakini hamjaachana kisheria, hata yule ambaye huna mpango wa kumleta.

Watu huficha kwa kuona aibu, au kwa kufikiri wakipunguza idadi maombi yatapita haraka. Kanada ina kanuni inayoweza kumzuia mwanafamilia asiletwe baadaye kwa sababu hakutajwa wakati mzazi alipoomba ukaazi. Hata kwenye nchi isiyo na kanuni kama hiyo, ofisa akikuta mtoto mpya kwenye faili la pili, anaanza kulitilia shaka na la kwanza.

Kama tayari umejaza vibaya, peleka maelezo ya kusahihisha kabla hawajagundua wenyewe, ikiwezekana kupitia mwanasheria.

## Hatua ya 3: Jina moja, tarehe moja

Hapa ndipo nakuomba utulie, maana ndipo maombi mengi hufia.

Chukua karatasi uchore jedwali. Safu za kushuka ni wanafamilia. Safu za kulala ni nyaraka: pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, kadi ya kliniki, cheti cha shule, na mahojiano yako ya kwanza na uhamiaji. Sasa nakili jina na tarehe ya kuzaliwa kama vilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Usisahihishe chochote.

Utashangaa. Cheti cha kuzaliwa kinasema Zainabu, pasipoti inasema Zainab, shule imeandika Zeinabu. Baba ni Mohamed kwenye ndoa na Muhammad kwenye kibali. Tarehe 03/07 iliyoandikwa na karani mmoja kwa maana ya tarehe 3 Julai inasomwa Marekani kuwa tarehe 7 Machi. Na kama ulihojiwa siku ya kwanza ukiwa umechoka, kupitia mkalimani wa simu, yawezekana umri wa mtoto wako wa pili upo kwenye faili lao kwa mwaka usio wake. Omba nakala ya mahojiano hayo uisome.

Liko pia tatizo la jina la tatu. Ofisa aliyezoea familia nzima kubeba jina moja la ukoo akiona baba ni Juma Ali Hassan na mtoto ni Neema Juma Ali, haoni uhusiano. Eleza kwa sentensi mbili katika barua ya maombi kwamba mtoto hubeba jina la baba na la babu. Usimwachie akisie.

Kila tofauti kwenye jedwali inataka tiba yake. Kosa la kwenye pasipoti rekebisha kwa kuomba pasipoti mpya. Kosa la kwenye cheti rekebisha kwa msajili aliyekitoa. Tofauti ya herufi tu mara nyingi inamalizwa na hati ya kiapo inayosema majina haya mawili ni ya mtu mmoja.

Onyo kali: usikubali cheti "kilichotengenezwa" haraka mjini. Ubalozi huweza kuandika kwa msajili kuuliza kama namba hiyo ipo kwenye daftari. Kukosa cheti kunaelezeka, na kuna nchi zinazopokea ushahidi mwingine au kipimo cha vinasaba mahali pake. Cheti cha kughushi kinaweza kukufungia mlango kwa miaka.

### Mihuri na tafsiri

Nyaraka zikishakaa sawa, uliza kama nchi uliyopo inataka zithibitishwe. Nchi zilizomo katika Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 hutumia muhuri mmoja uitwao apostili. Kama moja kati ya nchi mbili haimo, kuna mlolongo: msajili, wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi.

Tafsiri iwe ya mwisho, baada ya mihuri yote, kwa sababu mihuri nayo hutafsiriwa. Aliyetafsiri kwanza hulipa mara mbili. Tumia mtafsiri anayetambuliwa na nchi unayopeleka maombi, si rafiki anayekijua kiingereza au kijerumani vizuri.

Na tafadhali, cheti halisi usikipige lamineti. Najua kinapendeza na hakichakai, lakini hakuna pa kugonga muhuri juu ya plastiki, na ofisi nyingi hukikataa.

## Hatua ya 4: Ridhaa ya mzazi mwingine

Mtoto akija kwa mzazi mmoja huku mwingine akibaki, karibu kila nchi itataka ridhaa ya maandishi ya anayebaki, au amri ya mahakama ya malezi, au cheti cha kifo. Maneno ya "hatujui alipo" hayatoshi. Mahakama ndiyo huandika hivyo. Anza mapema kwani kalenda ya mahakama haina haraka na wewe.

## Hatua ya 5: Nyumba na kipato, soma masharti kwanza

Kabla hujasaini pango lolote, soma sharti la makazi na sharti la kipato. Nchi za Umoja wa Ulaya zinaruhusiwa kudai makazi ya kawaida kwa familia ya ukubwa wako, bima ya afya na kipato cha kudumu kisichotegemea ruzuku. Marekani, mdhamini wa kawaida huonyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kwa idadi ya watu wa nyumbani, na idadi hiyo inajumuisha wanaokuja.

Kwa hiyo chumba cha kupanga na wenzako ni sawa kwa miezi ya kwanza, ila mkataba uwe mfupi. Katika mkataba tafuta vitu vitatu: idadi ya watu wanaoruhusiwa, muda wa kutoa notisi, na kama unaruhusiwa kuandikisha anwani hiyo serikalini. Bila anwani iliyoandikishwa, kuna nchi ambamo huwezi kufungua benki wala kupata miadi ya uhamiaji.

Usilipe dipoziti ya nyumba ambayo hujaingia ndani yake, wewe au mtu unayemjua. "Mwenye nyumba" aliye safarini, anayetaka utume pesa ndipo funguo zije kwa posta, ni tapeli. Sijawahi kusikia hadithi hiyo ikiisha vizuri.

Ukipata pa kukaa, nenda kwenye kisanduku cha barua. Je, jina lako lipo? Lipo kama lilivyo kwenye kibali? Ujerumani, kwa mfano, jina lisipokuwepo kwenye kisanduku barua hurudi ilikotoka, na barua ya uhamiaji yenye siku chache za kujibu haisubiri. Kipande cha karatasi na selotepu kinatosha leo, kibao kizuri kitakuja.

Kuhusu kazi: ofisa hupenda kuona mwendo. Mkataba mmoja wenye mshahara wa wastani unaoingia benki kila mwezi una nguvu kuliko vibarua vitatu vya mkononi vyenye pesa nyingi zaidi. Kubeba maboksi usiku si aibu, lakini yawe maboksi yenye hati ya mshahara. Pesa isiyopita benki, kwa faili lako, ni kama haikupatikana.

Dalili ya mafanikio: una hati za mshahara za miezi mfululizo zinazolingana na taarifa ya benki, na mkataba wa pango wenye nafasi ya kutosha au barua ya mwenye nyumba inayokubali familia kuhamia.

## Hatua ya 6: Gawa pesa kabla haijagawanyika yenyewe

Mafungu matatu: ya kuishi, ya kutuma, ya safari. La safari ndilo hulika kwanza, kwa hiyo liwe kwenye akaunti tofauti isiyo na kadi. Orodhesha litakachobeba: ada za maombi kwa kila kichwa, tafsiri, vipimo vya afya, nauli za kwenda ubalozini ambako pengine ni nchi jirani, tiketi, na mwezi mmoja mzima wa matumizi baada ya kufika.

Nyumbani tuma kiasi kilekile, tarehe ileile, kwa jina la mwenza wako, na hifadhi risiti. Faida ni mbili. Wao wanaweza kupanga, na wewe unajenga ushahidi kwamba unaitunza familia yako.

Kisha waambie ukweli kuhusu mshahara. Onyesha hati yenyewe kwenye kamera: huu ndio mshahara kabla ya makato, hii kodi, hii bima, hili pango, kilichobaki ni hiki. Ni mazungumzo magumu ya jioni moja. Bila hayo, kila ombi la harusi na msiba litafika kwako likiwa na hesabu ya mtu tajiri, na lawama juu yake.

## Hatua ya 7: Ushahidi wa uhusiano, bila kuzidisha

Kwa mwenza, watataka kuona ndoa inaishi. Chagua kidogo kwa kila mwezi: picha moja ya orodha ya simu, risiti moja ya pesa, ujumbe mmoja au miwili wa mambo ya kawaida ya nyumbani. Ujumbe wa "umenunua dawa ya mtoto?" una uzito kuliko kurasa za mapenzi. Ukienda kuwatembelea, hifadhi tiketi na mihuri ya pasipoti.

Usipeleke mamia ya kurasa. Hakuna atakayezisoma, na lililo muhimu litazama humo.

## Hatua ya 8: Ishi

Mtu anayesubiri ana tabia ya kuahirisha maisha: hanunui meza kwa sababu mke atachagua, hajifunzi lugha kwa sababu watajifunza pamoja. Matokeo yake familia inafika kwa mtu ambaye naye ni mgeni.

Lugha iwe ya kwanza, na mwenza aanze siku hiyohiyo huko aliko. Ujerumani na Uingereza huwadai wenza wengi cheti cha lugha cha ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa, kabla ya kupewa visa, ingawa kuna wanaosamehewa, na nafasi za mitihani hujaa. Kusoma sura moja kila mmoja alipo, kisha kuulizana kwenye simu, hufanya kazi mbili kwa mpigo.

Kuhusu simu na watoto, nina maoni makali. Mahojiano ya kila jioni ya "umekula? umesoma? msalimie mwalimu" yanachosha pande zote. Mtoto wa miaka mitano baada ya dakika mbili anageuza kamera kuangalia dari, anaondoka, na unabaki unatazama feni inavyozunguka. Usimwite. Weka simu yako mezani uendelee kumenya viazi. Baada ya muda atarudi kukuonyesha gari lake bovu, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Msomee hadithi, fanyeni hesabu za shule, chora naye. Uwepo ndio anaoukosa.

Saa ya simu iwe ya kudumu, na kumbuka Ulaya saa husogezwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Waambie mapema, la sivyo watakaa wakisubiri simu.

Usimpe mtoto tarehe ya kuja. Mwambie linalofanyika sasa: "leo nimepeleka karatasi." Tarehe ikipita mara mbili hatakuamini ya tatu, hata ikiwa na tiketi.

Ukiona hulali, huli, au hutaki tena kupokea simu zao kwa sababu ya uchungu, mwone daktari. Hakuna faili la visa linaloharibika kwa sababu mtu alitafuta usingizi hospitalini.

## Hatua ya 9: Miadi ya ubalozini

Wanaokuja wawe na pasipoti zenye uhai wa kutosha. Nchi nyingi hudai angalau miezi 6 mbele. Za watoto mara nyingi huisha mapema kuliko za wakubwa, kwa hiyo ziangalie tena.

Vipimo vifanyike pale tu ubalozi ulipoelekeza. Uingereza hutaka kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinisha yenyewe, kwa wanaotoka nchi kadhaa wanaokuja kwa zaidi ya miezi 6. Kipimo cha vinasaba ulichojilipia maabara ya mtaani hakitapokelewa.

Mwenza ajue maisha yako ya sasa: unaishi mtaa gani, unafanya kazi zamu gani, unakaa na nani. Hapana haja ya kukariri. Mkiwa mnaongea kweli kila wiki, anayajua. Msimtungie majibu, kwani jibu lililotungwa hulingana na lako neno kwa neno, na ofisa ameshayasikia mengi ya hivyo.

Wakala anayesema ana mtu wake ndani ya ubalozi anauza hewa.

Na mpaka visa iwe mkononi: hakuna kukata tiketi isiyorudishwa, hakuna kuacha kazi, hakuna kumtoa mtoto shule, hakuna kuuza vyombo. Ikija, isome palepale: majina, namba ya pasipoti, tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho ya kuingia. Kosa linalogunduliwa dirishani ni rahisi kurekebisha kuliko linalogunduliwa uwanja wa ndege.

## Hatua ya 10: Wiki za mwisho na za kwanza

Vyeti halisi vyote visafiri kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo. Pamoja navyo: kadi za chanjo, ripoti za shule, dawa zikiwa na cheti cha daktari. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, tangu Julai 2016, ni halali maisha yote chini ya kanuni za Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo cha zamani hakihitaji kurudiwa.

Upande wako: omba likizo kazini kwa wiki yao ya kwanza, siyo ya pili. Wiki ya kwanza ndiyo ya kuandikisha anwani, bima, shule na daktari, na mwenza aliye mgeni hawezi kuzunguka ofisi hizo peke yake. Ulizia shule kabla hawajafika ujue karatasi gani inatakiwa. Vitanda viwepo, makochi yatasubiri.

Mwenza apate vitu vyake mwenyewe mapema: ufunguo wake, laini yake ya simu, kadi yake ya benki, na barua zinazokuja kwa jina lake azifungue yeye. Mwonyeshe njia ya dukani na ya kliniki mara mbili, kisha mwache aende.

Kibali cha kila mmoja kikitoka, andika tarehe yake ya kuisha kwenye kalenda ileile ya hatua ya 1, pamoja na ukumbusho miezi sita kabla. Mara nyingi havitaisha siku moja, na cha mtoto ndicho husahaulika.